Majina Mawili ya Mjomba

Zahanati ya Vaitolo,
Savai'i, Samoa.
14 Agosti, 2023.

Mpendwa Dada Losivale,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Baridi ya huko Melbourne imepungua? Huku tu wazima kiasi, ila mimi situlii. Hata sasa naandika huku nachungulia barabarani, labda mjomba, baba yako, atapita.

Kwa simu ningelia tu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua wagonjwa wangu wote nawaweka kwenye ile programu ya simu isiyotaka intaneti. Mtandao wetu unaujua, mvua ikinyesha basi tena. Naandika jina, ugonjwa na dawa, nimemaliza. Mjomba yumo humo tangu zamani, na nimemwandikia kwa herufi kubwa: ASICHOMWE PENISILINI.

Lakini tangu avishwe uchifu, nani wa kumwita Petelo? Sasa ni Mulivai, na nguruwe tulichinja. Kwenye simu akabaki Petelo.

Wiki iliyopita alikuja na kidonda cha mguu, sukari ile ile. Nilikuwa kijiji cha pili kwa mama aliyejifungua, simu nimemwachia Fetu, muuguzi wetu mpya. Akatafuta Mulivai, hakuna kitu. Akauliza kwa adabu, "Mheshimiwa, huna jina jingine?" Watu waliokaa kwenye mkeka wakaanza kukohoa. Mjomba akamtolea macho: "We mtoto, hilo moja halikutoshi?" Alipoulizwa kama kuna dawa inayomdhuru, akajibu mbele yao wote, "Mulivai hadhuriwi na dawa!" Unamjua baba yako. Fetu akaona haya, akamchoma penisilini.

Uso ukavimba, pumzi ikambana. Niliporudi nilimkuta Fetu ameshamchoma dawa ya kumwokoa, analia. Mungu mwema, mjomba alipona. Lakini nina hasira, Dada, na sijui nimkasirikie nani.

Nikayaandika majina yote mawili pamoja, nikadhani nimetengeneza. Aliposikia, akawaka. "Umeniweka na jina la utotoni kwenye hicho kisimu chako? Sikanyagi tena hapo!" Na kweli hajakanyaga. Anafunga kidonda kwa majani. Nikienda kwenu anageukia ukuta, anajifanya amelala. Mama yako ameniambia kwa kunong'ona kwamba mguu unanuka na kidole kimoja kimekuwa cheusi.

Daktari wa upasuaji anakuja mwisho wa mwezi. Mjomba asipotibiwa kabla ya hapo, mguu utakatwa, na naogopa hata hilo litakuwa limechelewa. Nimemwomba mchungaji, nimewaomba machifu wenzake. Wanakunywa kakao yangu, wanatikisa vichwa, hakuna anayethubutu kumwambia.

Barua hii anakuja nayo Sina, yule binti wa dukani, anapanda ndege kesho. Ukishaisoma mpigie hapo hapo, usingoje shemeji atoke kazini.

Nisalimie shemeji, mbusu Ioane na mdogo wake. Mama yako anakusalimu sana, na Fetu pia, maskini, halali usiku. Mungu akulinde, akupe na ulimi mtamu.

Sisi huku tunaye Mulivai tu, na Mulivai haambiwi kitu. Wewe ndiye unayemwita Baba. Mwite, Dada.

Mdogo wako akupendaye,
Telesia