Chai ya Keki Isiyo na Keki

4 Februari

Kwa kitindamimba wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na mume wako naye azipate, ingawa hajawahi kuniandikia hata mstari mmoja. Mimi ni mzima. Yale mafua ya mwisho wa mwaka yalinilaza kitandani wiki kadhaa, yakanikausha pua na koo, lakini sasa natembea, nakula, nabishana. Wewe je? Na duka la chai unakofanya kazi linakwendaje?

Nakuandikia barua kwa sababu simu siiamini. Laini yangu aliyeisajili ni kaka yako, sijui anasikia nini na nini. Huyo kaka yako anataka kunihamisha. Anataka nikakae kwake, kile chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Kila akija hapa haketi. Anafungua kabati, anainua mifuniko ya sufuria, anapapasa mtungi wa gesi kama polisi anayempekua mwizi. Juzi alikuta maharage yameshika chini kidogo, akapiga kelele, "Baba, nyumba imejaa moshi!" Moshi gani? Mimi nilikuwa sebuleni hapo hapo, nafungua redio, milango yote wazi, sikusikia harufu yoyote. Anatafuta sababu huyo.

Sasa sikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa mwonjaji mkuu wa kiwanda kizima cha chai. Meneja alikuwa haruhusu hata gunia moja litoke mpaka mimi niseme. Nikipiga funda moja nilikuwa nawaambia majani yamechumwa upande gani wa kilima, na kama mvua ilinyesha siku ile. Mtu mwenye ulimi kama huu anahamishwa kama kabati?

Nasikia mnauza chai zenye ladha ya keki na peremende. Nitumie. Nitazionja, nitakuandikia hukumu yangu, na kaka yako nitampa aisome. Atajua baba yake bado yupo.

Mkono wangu unachoka, ulizoea kuandika alama za ubora kwenye masanduku, si barua.

Mimi baba yako

19 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mafua yameisha. Sisi huku hatujambo, mume wangu anakusalimu na anaomba radhi, ameahidi kuandika. (Usimsubiri.)

Nimekutumia pakiti tatu. Ya kwanza ina ladha ya keki ya ndimu, ya pili ya karameli, ya tatu ni chokoleti na mnanaa. Pia kuna biskuti, tumesaga majani ya chai tukayachanganya na unga na siagi. Wateja wanazigombania.

Jambo moja tu, Baba. Chai hizi hazina sukari hata chembe. Utamu wake uko kwenye harufu, inapanda puani ukadhani unakula keki, kumbe mdomoni ni chai kavu. Wazee wengine wanachukia mchezo huo. Wewe niambie ukweli bila kunionea haya, hasa ile ya karameli. Ya karameli nataka sana kuijua hukumu yako.

Kuhusu kaka, nimeongea naye. Anasema haji kukupekua, anakuja kukuona. Lakini nimemwambia asubiri. Nimemwambia, "Mwache Baba aonje kwanza."

Binti yako

6 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, ila moyo wangu haujatulia, na utakapomaliza kusoma hata wako hautatulia.

Umeibiwa.

Nilifanya kazi kama inavyotakiwa. Nilipanga vikombe mezani kwa mstari, maji yakachemka mpaka yakapiga makelele, nikaacha majani yaive. Kijiko, funda, nikavuta kwa nguvu mpaka mpangaji wangu wa chumba cha uani, Bi Fundi, akaacha cherehani yake akapaza sauti kutoka huko kuuliza kama bomba limepasuka. Nikatema kwenye beseni. Nikarudia. Nikarudia tena.

Chai tupu! Zote tatu! Majani ni mazuri, sikatai, yamevunjwa vizuri, vijiti hamna, rangi inang'aa kama shaba. Ukali upo, ukakasi upo pembeni mwa ulimi kama unavyotakiwa. Lakini hiyo keki iko wapi? Hiyo karameli iko wapi? Ukiyafumba macho huwezi kutofautisha pakiti hii na ile. Na biskuti ni unga na sukari, mtoto yeyote anaweza kuzioka, chai haimo.

Kuna mawili. Ama tajiri wako wa duka ni tapeli, anachapisha picha ya keki kwenye pakiti na ndani anatia chai ya kawaida. Ama, na hili ndilo linaloniwasha zaidi, mzigo wako uliguswa njiani. Unajua aliyekwenda kuuchukua kituo cha mabasi? Kaka yako. Nilizikagua pakiti kwa miwani. Moja gundi yake ilikuwa imeinuka pembeni. Nilimuuliza uso kwa uso, "Umebadilisha?" Akacheka. Mtu asiye na hatia angekasirika, yeye akacheka.

Hukumu yangu nilimpa aisome. Akaisoma mpaka mwisho, akauliza, "Baba, na harufu?" Nikamwambia harufu ya kitu ambacho hakimo inatoka wapi? Akaondoka bila kuonja, pakiti nilikuwa nimezifungia kabatini asiziguse tena.

Nipe jina la huyo tajiri wako nimwandikie. Mimi simwogopi. Niliwahi kumrudishia meneja shehena nzima mbele ya wageni wake.

Baba yako, ambaye hadanganyiki

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kushika kalamu. Naomba uisome hii ukiwa umekaa, na usiichane kabla ya mwisho.

Tajiri wangu si tapeli. Pakiti zile nilizifunga mimi mwenyewe, na gundi iliyoinuka ni kazi ya mikono yangu. Na ile karameli, Baba, niliichanganya mimi. Ni chai yangu ya kwanza kuwekwa dukani. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uihukumu kama chai, si kama chai ya mwanao. Mtu akifungua pakiti ile dukani, aliye mlangoni anageuka.

Wewe umeieleza rangi, ukaeleza majani, ukali, ukakasi. Yote ni kweli tupu, hakuna mtu hapa dukani angeweza kuyasema vile. Lakini hujaandika neno moja la harufu. Wala moshi wa maharage hukuusikia.

Nadhani yale mafua yameondoka na pua yako.

Si aibu. Nimemuuliza daktari, amesema huwatokea watu wengi, kwa wengine hurudi, kwa wengine la. Lakini unaishi peke yako na mtungi wa gesi, Baba. Gesi ikivuja utajuaje?

Kaka ameniuliza kwa nini chai yangu haina harufu. Nimemwambia huenda ilipigwa jua njiani. Nimemdanganya kaka yangu kwa ajili yako, kwa hiyo usiseme nimekula njama naye. Nakuomba ufunge mtungi kila ukimaliza kupika, na uende kwa daktari. Niandikie.

Binti yako

29 Machi

Kwako,

Salamu. Nimeelewa sasa.

Yeye ameshindwa kunitoa kwa kelele, basi wewe umekuja kwa chai. Mmegawana kazi vizuri. Yeye apekue kabati, wewe upekue pua. Kisha mkae pamoja mseme mzee hana pua, mzee hana ulimi, kesho atakuwa hana akili, mpeni chumba cha nyuma atazame ukuta. Na daktari tayari mmeshamuuliza, mimi mwenyewe nikiwa sipo!

Pua yangu iko usoni pangu. Nimeishika sasa hivi.

Huwezi kuniambia mimi kuhusu chai. Kabla hujajua kushika kikombe, nilikuwa naonja vikombe kwa mamia tangu asubuhi. Chai yako ya karameli haina karameli. Hiyo ndiyo hukumu, siibadilishi.

Usinitumie kitu kingine.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo, popote barua hii itakapokukuta, umekaa au umesimama, umenuna au umecheka.

Aprili yote hujaandika. Nimempigia Bi Fundi, namba yake nimeipata kwa jirani yenu. Anasema unapita mlangoni kwake bila kusalimu na kwamba umemrudishia sahani yake bila kuweka kitu ndani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Kaka ananiuliza kila wiki kwa nini hatuongei. Namjibu kwamba tumegombana kuhusu chai. Anasema, "Nyinyi wawili mna wazimu." Sijamwambia zaidi ya hapo. Ukitaka ajue, utamwambia mwenyewe, maana pua ni yako na nyumba ni yako.

Lakini elewa jambo hili. Kila simu ikilia asubuhi, kabla sijaipokea, nauona mtungi ule jikoni kwako. Sitaki kukushinda, Baba. Nataka niendelee kukupa shikamoo.

Binti yako

25 Mei

Kitindamimba wangu,

Salamu zako nimezipata, na mimi nakurudishia nyingi. Afya yangu ni nzuri, miguu mizuri, meno niliyo nayo yanatosha. Mume wako bado hajaandika.

Barua yako ilipofika niliiweka juu ya redio, sikuijibu. Kisha nikasema, mimi ni mwonjaji, mwonjaji habishani, mwonjaji anapima. Nikachukua ile karameli yako, nikaimimina kwenye kopo la zamani lisilo na maandishi, nikalifunga, nikampelekea Bi Fundi. Sikumwambia kitu. Kifuniko sijakiinua hata nusu, akageuka na utepe wake shingoni: "Mzee, nani anaunguza sukari?"

Nikamuuliza, "Binti yangu amekupigia lini?" Akasema, "Mwanzo wa mwezi, aliniuliza kama unakula." Nikamwambia, "Na akakufundisha useme sukari." Akaniangalia kama mtu aliyevaa shati nje ndani. "Mzee, kama huniamini niweke ukutani."

Nikamweka ukutani kweli. Nikatayarisha vikombe viwili sawa, kimoja chai yangu ya kiwandani, kimoja yako. Yeye amegeukia ukuta, mimi navizungusha juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, kisha anageuka anainama. Anasema hiki. Tena, hiki. Nikavizungusha nikavipitisha chini ya meza, nikaviweka nyuma ya cherehani. Hiki. Hakukosea hata mara moja, na wala hakuvigusa.

Akasema, "Sasa zamu yako, Mzee."

Nikageukia ukuta. Nikasikia vikombe vinasogea. Nikageuka, nikainama, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Mvuke ulikuwa unapanda, niliuona, nilihisi joto lake kwenye masharubu. Mwanangu, ilikuwa kama kutazama mtu anayeongea nyuma ya kioo. Nikachagua kimoja. Nikasema hiki.

Bi Fundi akanisogezea kile kingine. Kisha akatia pini zake mdomoni, akarudi kwenye cherehani.

Nilirudi ndani nikajaribu kitunguu, nikajaribu sabuni, nikajaribu mafuta ya taa. Machozi ya kitunguu yalikuja, harufu haikuja. Kwa hiyo nafuta nilichoandika juu ya tajiri wako. Juu ya gundi sifuti, gundi ulibandika vibaya.

Nilimwita kaka yako mwenyewe. Hakuambiwa na mtu mwingine, aliambiwa na mimi, kwenye kiti changu, kwa sauti yangu. Alijishika kichwa akaanza, "Baba, sasa unaona lazima..." Nikamwambia nyamaza, sijamaliza. Nikamwambia auchukue mtungi wa gesi aondoke nao siku ile ile. Akaubeba begani kama gunia, analalamika mpaka getini. Sasa natumia birika la umeme na jiko dogo la umeme, linajizima lenyewe. Na kila jioni Bi Fundi anapita jikoni kwangu, anavuta pumzi mara moja, anasema "safi", anakwenda zake. Maziwa pia ananionjea. Ananipa kibali mimi, ambaye nilikuwa natoa kibali kiwanda kizima! Anakula biskuti zako kwa kazi hiyo, kwa hiyo tuma nyingine, ananung'unika zimekwisha.

Kaka yako amesema tutaangalia. Aangalie. Sihami.

Daktari nimekwenda. Amesema tusubiri, huenda ikarudi, huenda isirudi. Nilimweleza mimi ni nani kazini, akaandika tu umri wangu.

Sasa nina kazi ya kukupa, na ni kazi ya mwonjaji, usiifanye kama mtu anayeuza. Ile karameli ni chai yako ya kwanza na mimi baba yako sijui ikoje. Bi Fundi nimemuuliza akasema "inanukia vizuri". Hilo si jibu, ningemfukuza kiwandani. Wewe niandikie. Inaanzaje ikifika puani? Katikati inafanya nini? Chai inaingia lini, na inaingia kwa nguvu au inabisha hodi? Mwishoni kinabaki nini? Andika kwa herufi kubwa, na usiruke kitu.

Barua yako ikifika nitachemsha maji, nitaweka kikombe mbele yangu, nitasoma polepole kama ninavyosoma siku zote, na kila mstari nitapiga funda moja.

Sitatema.

Baba yako