Chaza wa Mama Lyimo

Wheaton, Jumamosi, 17 Juni 2006

Na bado nina mchanga kwenye meno.

Wiki ya tatu sasa bosi wangu, Mama Lyimo, amekalia barua yangu ya kuombea kibali cha kazi hapa ughaibuni, hataki kuisaini. Mimi ni karani wa mafaili, lakini alinituma nimtafutie kibanda kizuri cha chaza wa kukaanga huko kwenye ghuba, awapeleke wageni wake wawili kutoka Dodoma. "Wewe si mtu wa Tanga? Hayo ndiyo mambo yenu."

Nilipaswa kumwambia kwamba nyumbani kwetu Tanga chaza hawaliwi. Bibi aliwaita konokono wa baharini. Niliogopa. Nikachagua kibanda chenye magari mengi nje, nikamwambia nimeshakula pale mara mbili.

Leo pale kibandani chaza walikuwa na mchanga, naye ameutafuna mbele ya wageni. Akasukuma sahani kwangu taratibu.

"Hawa ndio uliowala wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi malizia, tukuone."

Mgeni mmoja, yule mnene, akacheka. "Kijana anakula kama anameza kwinini."

Nikawamaliza wote huku Mama Lyimo akinitazama. Namchukia. Nachukia hata anavyofuta vidole, kimoja kimoja.

Tukiwa ndani ya gari akasema, "Jumatatu lete ile barua nisaini. Halafu wiki ijayo ututafutie kaa. Wale wa kuvunja gamba kwa nyundo."

Nikajibu, "Asante, Mama."

Kaa nao sijawahi kuwala.