Swichi Uliifunga, Shemeji

Shemeji yangu Faki,

Amani iwe juu yako na juu ya wote mliotutangulia hapo mlipo.

Ile swichi uliifunga kwa kufuli. Kengeja nzima inaamini hukuifunga, na inaamini hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyesema. Nilikuosha, nikakukafini, nikakushusha kaburini kwa mikono hii. Kesho yake nikakaa mkekani mbele ya polisi na sheha, dada yangu Mkasi akisikiliza nyuma ya pazia, nikasema kufuli halikuwapo. Waliniamini. Nani angebishana na mwalimu aliyewasomesha watoto wao mambo ya umeme? Watu wakatikisa vichwa, wakasema maskini Faki, uzembe mdogo tu. Jina hilo la uzembe nilikuvisha mimi, juu ya sanda.

Nimelificha hilo tangu binti yako Raya yuko darasa la kwanza. Sasa Raya mwenyewe anasomesha darasa la kwanza.

Moyo wangu umechoka, Faki, na sisemi kwa mfano. Daktari wa Chake Chake alianza kunieleza kwa upole, nikamwelewa kabla hajamaliza. Miguu imevimba, usiku nalala nimekaa, na nikisema sentensi moja ndefu lazima nipumzike kabla ya nyingine. Mkono bado unatii kuliko kifua. Ndiyo maana nakuandikia.

Nikupe habari za nyumbani kwanza. Mkasi yu hai, hakutaka mume mwingine. Ule mgomba uliouacha mdogo nyuma ya jiko umezaa vizazi, sasa ni shamba. Raya amekuchukua wewe uso na mwendo. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajakaa, macho yake yanafuata waya unapopita. Hakufundishwa na mtu. Nikimwona hivyo huwa natazama pembeni.

Na Raya ameposwa. Hapa ndipo nilipobanwa.

Aliyemposa ni Shaame, mtoto wa Kombo. Ndiyo, Kombo mwadhini wetu, yule ambaye watu wote wanasema ndiye aliyekuua kwa haraka zake. Vijana wamependana, wamefuata njia, wazee wakaja na posa yao kwa adabu. Mkasi hakuwaacha wamalize maneno. "Mkono uliomuua mume wangu," akawaambia, "hautatiwa katika sinia la wali nyumbani kwangu." Wazee wakavaa viatu vyao. Raya alichukua ufagio akafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Kombo alipopelekewa jibu alisema, "Ana haki yake." Basi.

Ndugu yako, ambaye ndiye walii wa kumwozesha Raya, anasema yeye hana kinyongo lakini anangoja neno la mama. Mama anangoja neno langu. Juzi Mkasi alikaa hapa kitandani kwangu akaniambia, "Kaka, weye ulikuwapo siku ile. Sema la mwisho, watu walale." Anataka niseme hapana. Anataka hapana itoke kwa mtu mkubwa, ili Raya asimchukie yeye. Nikamwambia anipe muda kidogo. Muda, Faki. Mimi naomba muda.

Wewe unaijua siku ile hadi pale ilipokukatikia. Iliyobaki naijua mimi.

Utakumbuka tulivyoifikia ile mita. Banda la barafu na msikiti vilikuwa vinakula kwenye waya mmoja na mita moja, na wavuvi wa Kisiwa Panza walipoanza kuleta samaki wao, maneno yakazaliwa. "Imamu, siku hizi msikiti wako unagandisha samaki changu?" Watu walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na mwiba. Wenye banda wakaleta mita yao, ile yenye kupima nguvu inayotumika kila dakika na umeme wote uliokwisha kutumika, yenye pete za kuvishwa kwenye kila waya mnene. Wakaniomba mimi niisimamie. Mimi nikakuita wewe.

Ulifanya kazi kama nilivyokufundisha, na bora zaidi, kwa sababu hukuwa na haraka. Ulizima swichi kubwa. Ulitia kufuli. Ulitundika kibao. Ulijaribu kipimio chako kwanza penye umeme wa nje, kikawaka. Ukajaribu pale utakaposhika, kikanyamaza. Ukarudi tena penye umeme, kikawaka. Hukuamini kimya chake mpaka kikuthibitishie kwamba hakikufa katikati. Nilisimama nyuma yako nikajiona nimesomesha.

Kisha ukaniletea ufunguo.

Kanuni ya kazi yetu ni kwamba ufunguo hukaa kwa yule ambaye mikono yake iko kwenye waya. Haukai kwa bosi wala kwa mwenye nyumba. Niliiandika kanuni hiyo ubaoni mwaka baada ya mwaka. Lakini wewe uliniletea kwa mikono miwili, umeinama kidogo, kama mtu anayemnyooshea mkubwa wake kikombe cha kahawa. "Ufunguo ni wako, Mwalimu. Nikae nao mie na weye upo?" Ilinipasa nikurudishie papo hapo, hata kwa kukufokea. Ningekufokea hadharani, ukakasirika, ukarudi nyumbani kwa Mkasi ukanisema, na leo ungekuwa unabishana naye habari za posa. Niliupokea. Kusema kweli, ulinipendeza.

Tulidhani tungemaliza mapema, na kwa sababu ilikuwa Ijumaa niliwaahidi watu wa msikiti kwamba umeme utarudi kabla ya adhana. Jua likapanda. Ulipofikia mwisho uliniambia, "Bado kufunika tu, Mwalimu, kisha nakwenda kutawadha." Nikakuacha nikaenda zangu baraza ya msikiti. Swichi kubwa ilikuwa ukutani mwa msikiti. Wewe na mita mlikuwa nyuma ya banda, na kati yetu ukuta wa mawe. Huku hakuonekani kule.

Tangi lilikuwa limekauka, pampu haina umeme. Barazani watu wamekunja suruali na mikono ya kanzu, mabomba yanatoa pumzi tu. Khatibu alikuwa mgeni, amekaa anazungusha tasbihi. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Barafu imepata mita, sie tupate mchanga tutayamamu, maji hamna." Baraza nzima ikacheka. Mwingine akamjibu, "Yakhe, mchanga wenyewe kamuombe Mwalimu, huenda kaufungia." Nilicheka nao. Shingo ilikuwa inaniwaka.

Nilijiambia kwamba umeshatoka. Wewe, Faki, ambaye hujawahi kuikosa safu ya mbele Ijumaa, ungekuwa unafanya nini kwenye waya saa ile? Nilikuona kabisa akilini mwangu uko ua wa jirani, umeazima ndoo, unaosha miguu. Hesabu yangu ilikuwa hiyo. Sikuipima. Mimi niliyekuwa nikiwaambia watoto kwamba kinachodhaniwa hakiandikwi kwenye jibu.

Wewe ulikuwa umerudi kukaza skrubu. "Kaza, acha waya utulie, kaza tena," nilikuwa nikisema darasani, kwa sababu waya mnene hulegea baada ya kubanwa mara ya kwanza, na penye ulegevu ndipo moto unapoanzia. Tulikukuta bisibisi iko karibu na mkono. Nilipoiona tu nikajua ulikuwa kwenye ule mkazo wa pili. Hakuna mtu mwingine pale aliyejua. Hakuna aliyejua kwamba ulikufa unafuata somo.

Swichi ilipopanda, pampu ilianza kunguruma, kipaza sauti kikakohoa, watu wakasema alhamdulillahi. Kisha tukasikia ukelele wa Bi Subira, aliyekuwa akipara samaki nyuma ya banda.

Nilikimbia. Nilipita kwenye swichi kwanza nikaiteremsha, na hilo lilikuwa sawa, ndivyo inavyopaswa. Lakini kufuli lilikuwa linaning'inia wazi kwenye mkono wa swichi, na kibao chako kimelala chini. Nilisimama pale. Wewe uko upande wa pili wa ukuta, sijui uko hai au umekufa, na mimi nilisimama nikalichomoa lile kufuli nikalitia mfuko wa kanzu. Kisha ndipo nikaja kwako. Jioni nililitupa kwenye choo cha zamani cha skuli.

Sijui kama pumzi zile nilizopoteza pale swichini zingekufaa. Nimejiuliza kila siku. Nimesoma vitabu vya udaktari kulitafuta jibu, na kila kitabu kimekataa kunipa ninalolitaka.

Mkekani kesho yake polisi aliuliza nani aliyewasha. Kombo akasema, "Mie." Kisha akageuza uso akanitazama, akangoja. Nilitazama ukili wa mkeka. Aliponiona sisemi, naye hakuongeza neno. Polisi akaniuliza habari za kufuli, nikamjibu nilivyomjibu.

Faki, kufuli halifunguki kwa dua. Ufunguo Kombo aliupata kwangu. Niliutoa mfukoni nikautia mkononi mwake.

Tangu Ijumaa ile Kombo hajaadhini. Sauti ile ambayo wewe ulikuwa ukisema inawaamsha hata waliokufa. Anasali safu ya mwisho, karibu na viatu. Watu walimpa jina, Kombo Swichi. Shaame alipokuwa mdogo watoto walikuwa wakimwita mtoto wa Swichi, na mimi nilikuwa nimekaa ofisi ya walimu, dirisha liko wazi, nasikia kila neno, nasahihisha mitihani.

Na tangu nilipougua, Kombo huja kila Alhamisi. Ananisomea Yasini, kisha ananikanda miguu kwa mafuta ya karafuu, polepole, kama anayemkanda baba yake. Wiki iliyopita nilishindwa kujizuia. Nikamwuliza, "Kombo, kwa nini hukusema?" Hakuinua kichwa. "Ningesema, nani angeniamini mie, na weye ndo Mwalimu? Kisha Mkasi. Mume kamzika jana, leo umwambie kakako ndo kamponza? Angebaki na nani?" Akamimina mafuta mengine kiganjani. "Mguu huu wa kushoto una baridi zaidi," akasema.

Niliposomeshwa dini nilifundishwa kwamba madeni yetu kwa Mwenyezi Mungu yanaombewa, lakini dhulma ya mtu kwa mtu inangoja mwenyewe aliyedhulumiwa asamehe. Wewe siwezi kukupata. Kombo yuko hai, anapanda ngazi zangu kila Alhamisi, na nimemwacha apande.

Leo ni Alhamisi. Baada ya sala ya alasiri nimewaita hapa chumbani: Mkasi, Raya, ndugu yako, Shaame na babake. Nakuahidi nitasema kwa mdomo wangu, hata nikimaliza pumzi, kwamba ulifunga. Nitasema Faki hakuwa mzembe hata siku moja ya maisha yake. Nitasema posa ile haina damu ndani yake, na kama Raya bado anamtaka, mama yake asimzuie kwa kosa langu. Mkasi akinitoa katika udugu, ana haki. Akikataa kuja kunizika, ana haki hiyo pia. Ninachoogopa si polisi wala watu. Nachoogopa ni uso wa Mkasi pale atakapofahamu miaka yote hii alikuwa akimletea uji nani.

Sitakuomba unisamehe kwa karatasi. Nitakuomba huko, tukikutanishwa, na kama utageuza uso nitajua nimestahili. Lala salama, shemeji. Mtoto wako ni mwema. Mkeo alikutunzia nyumba yako.

Lakini liko jambo moja ambalo sijalisema hata nikiwa peke yangu, na nisipolitoa hapa kwanza najua alasiri litanikwama kooni, nitawaambia yote niliache hilo, na Kombo atanyamaza tena kunisitiri. Kombo hakuuchukua ufunguo akakimbilia swichi. Alisimama mbele yangu barazani, ufunguo uko kiganjani, akaniuliza, "Mwalimu, Faki keshatoka?" Sikuwa nimeinuka pale kwenda kutazama. Nikamjibu, "Keshatoka. Washa."