Kondoo wa Kuninenepesha

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mkanda bado uko kwenye tundu lilelile. Mwaka wa pili huu. Nimetembea hadi mashamba ya kahawa na kurudi, ukungu umefunika mlima wote. Chai bila sukari. Nilipokuwa napungua, watu walinipongeza. Kubaki hivi hakuna anayepongeza. Ni mimi na mchicha wangu.

Leo Lemburis kanikuta sokoni nachagua matango. Ni rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja. Kanishika mkono, kauminyaminya kama anapima mbuzi wa mnada. Anasema wenzetu kule Nduruma wamenikalia kikao. Wameona ama naumwa na ninaficha, ama mke ananinyima chakula. Nikamwambia nimeacha soda na chipsi, basi. Akasema hakuna mtu anayekonda hivi kwa kuacha soda.

Mke wangu Nashipae nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akajifuta machozi. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayekunyima, Baba Silantoi?"

Alhamisi, 12 Juni

Lemomo kapiga simu. Yeye ndiye msemaji wa rika, hapingwi. Jumamosi wanakuja, yeye na Lemburis, na kondoo. Mafuta ya mkia yatayeyushwa, ninywe kikombe kizima — kama mama aliyetoka kujifungua.

Kukataa siwezi. Ukikataa kondoo wa rika umewakataa wenyewe, na siku ya msiba utachimba kaburi peke yako. Lakini najijua. Kikombe kimoja kitaita chipsi za pale kona, chipsi zitaita soda. Mara ya kwanza nilipopungua, harusi moja tu ilinirudisha nilikotoka. Na presha ikarudi nayo.

Nashipae anasema niwaambie ukweli. Nimesema nitafikiria.

Nimefikiria. Nitawatembeza, wajionee kama naumwa.

Jumamosi, 14 Juni

Wamefika asubuhi na dume la kondoo, mkia kama mto wa kulalia. Nikawaambia kondoo wa heshima huchinjiwa kwa baba, kule juu mlimani, na gari halifiki. (Linafika. Hata fuso linafika.)

Tukapanda kwa miguu. Mimi mbele, napiga mluzi. Lemomo nyuma yangu anavuta kondoo. Lemburis mwisho kabisa, kila kona anakaa chini, eti anafunga kamba za viatu. Kavaa makubazi.

Kwa baba nimekula nyama isiyo na mafuta na mboga nyingi. Nikadhani nimepona. Kumbe mafuta hunywewa asubuhi, tumbo likiwa tupu. Lemomo kayabeba kwenye kidumu hadi hapa kwangu Sombetini. Wanalala hapa.

Jumapili, 15 Juni

Naandika haraka, niko chumba cha nyuma. Nyumba nzima inanuka kondoo. Lemomo yuko jikoni anayapasha.

Lemburis kaingia sasa hivi, kafunga mlango kwa komeo. Nikajua amekuja kunikamata. Kumbe ana siri: kikao cha Nduruma ni yeye aliyekiitisha. Mwezi uliopita alipimwa, presha na sukari vyote viko juu. Daktari kamwambia aache mafuta, atembee. Hajamwambia mtu, hata mkewe.

"Sasa kikao umekiitisha ya nini?" nikamuuliza.

"Nilitaka nijue kama unaumwa kweli. Ungekuwa unaumwa, basi njia yako haifai, ningeendelea kula zangu." Akaangalia miguu yake. "Halafu jana unapanda mlima unapiga mluzi. Loishiye, ulianzaje?"

Nikamwambia nilianza kwa kutembea. Taratibu. Kisha kesho yake tena, hata kama sitaki. Hasa kama sitaki.

Alikuwa anataka kuuliza jambo jingine, Lemomo akagonga. Anasema vikombe viko tayari. Viwili, kwa sababu jana kule mlimani kaona Lemburis naye hana nguvu. Nyuma yake namsikia Nashipae anajibana asicheke.

Lemomo amegonga tena.

Lemburis anauliza kama dirisha hili linafunguka.