Tuliita Mwenyewe, Hakuitika

Salma mjukuu wangu, huko Dodoma wamekufunga kamba? Idi mbili hujaonekana hapa kwetu Uroa. Sisi wazima. Barua hii naandikiwa na shangazi yako, kajifungua juzi, kitoto kina sauti kama yako.

Unauliza kama vyuma wanavyorusha watu angani huanguka kweli. Huanguka. Zamani mimi na shoga yangu Mize tulikuwa tukifunga mwani kwenye kamba majini, mwanawe akalia ufukweni, Mize akaenda kumnyonyesha. Hajakaa vizuri, nikasikia mvumo juu, kisha kishindo. Pale Mize alipokuwa kainama akifunga pamezama dude jeusi la mviringo, kubwa kuliko chungu cha harusi.

Kwetu kitu cha pwani hakiguswi mpaka aitwe mwenyewe. Tukaita kuelekea baharini, "Mwenyewe nani?" Mize, mtoto kifuani, akainua uso akaita juu. Nilimwona anasubiri kujibiwa.

"Mwenye mali asiyeitika, shoga," akasema, "hata dude lake likikuua, mazikoni kwako haji."

Maji yakajaa. Yalipotoka, dude halikuwepo.

Tangu hapo hatuinami sote pamoja. Ukija, leta viatu vya pwani. Wewe utafunga mwani, mimi ntatazama juu.