Yeyo, Naserian Amepita Kwenye Mawe

Mpendwa mama, Yeyo wangu,

Juzi nusura nimpoteze mdogo wangu, Naserian wako. Sijui nimwambie nani mwingine.

Unakumbuka njia yetu ya mkato inayoshuka mtoni? Ulikuwa ukipita huko kila asubuhi ukipeleka maziwa Kitengela mjini, mtungi mgongoni, mimi nyuma yako na sare ya shule. Mawe saba ya kuvukia mto. Nilikanyaga pale ulipokanyaga. Hukuwahi kunifundisha, nilitazama tu visigino vyako.

Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu alituambia tutunge sentensi kwa neno "ushawishi". Niliandika kwamba viongozi wana ushawishi mkubwa, nikapata alama zote. Nilikusomea jioni ukikama.

"Na wewe, nani anakufuata?" ukauliza.

"Mimi? Hakuna. Hata darasani sijibu maswali."

Ulicheka hadi ng'ombe akasogea. "Hebu geuka uone." Naserian alikuwa nyuma yangu, amejifunga leso yangu, anatembea akitazama chini kama mimi. Nilidhani unanitania.

Tangu ulipotuacha niliendelea kupita kwenye mawe, yeye nyuma yangu. Sasa nimemaliza shule, anaenda peke yake. Juzi huku kwetu hakukuwa na tone la mvua, lakini upande wa vilima vya Ngong, mto wetu unakotoka, kulikuwa kweusi. Nilikuwa naanika nguo niliposikia mto ukiunguruma. Niliacha ndoo nikakimbia. Nilimkuta ameshika mzizi ukingoni, maji ya matope yamemfika kifuani, mkoba umeenda, kiatu kimoja kimeenda. Nilimvuta kwa sweta mpaka ikararuka.

"Nani alikuambia upite hapa?" Nilimfokea, mimi ambaye sijawahi kumfokea mtu.

"Hakuna mtu aliniambia," akasema, meno yakigongana. "Si wewe hupita hapo?"

Yeyo, nimekumbuka kitu. Kabla ya jiwe la kwanza ulikuwa unasimama. Unatazama Ngong, kisha rangi ya maji, na siku nyingine unageuka bila kusema neno, tunazunguka hadi darajani. Mimi nilidhani unapumzika. Nilichukua mawe, sikuchukua kule kusimama, na Naserian nikampa hicho kipande tu.

Naogopa. Sijui ni mangapi mengine anayachukua kwangu nikiwa sijui. Mwalimu wake anasema akiulizwa swali hutazama viatu vyake. Huyo ni mimi. Nani alisema mtu mwoga kama mimi afuatwe?

Baba alimkataza kurudi mtoni. Akaitikia "sawa" haraka sana, vile mimi nilikuwa nakuitikia. Kwa hivyo leo asubuhi nilivaa viatu, ingawa sina shule ya kwenda. Tulishuka pamoja, nikasimama mbele ya jiwe la kwanza. Nilimwonyesha Ngong. Nilimwonyesha povu na vijiti vinavyotangulia maji mengi. Niliongea hadi koo likakauka. Maji yalikuwa yamepungua, mawe yote saba yanaonekana.

"Tunapita?" akauliza.

"Sijui. Wewe unaona nini?"

Akatazama mbali. Juu ya Ngong kulikuwa na wingu moja, si kubwa. Sikumharakisha, kwa sababu ipo siku sitakuwa naye.

"Tuzunguke," akasema.

Tulizunguka. Alichelewa shule. Langoni, kabla hajaingia, aliniinamishia kichwa, vile alivyokuwa akikuinamishia wewe kila asubuhi ili umguse utosini. Niligeuka kutazama ni mkubwa gani amesimama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

Nilimgusa, Yeyo. Kisha akakimbilia darasani.

Pumzika salama. Kesho nitasimama tena pale.

Ni mimi niliyekuwa nyuma yako,
binti yako mkubwa