Pengo Kwenye Kipimo cha Maji

Kaka Masanja,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Nina hasira, kaka, na si na wewe. Ni na meneja wa mgodi.

Tangu tukuzike kwetu Kagongwa anasema ulishuka shimoni kwa kiburi. Alimwambia Mama pale pale msibani, mikono mfukoni: "Kompyuta haikuonyesha badiliko lolote. Kijana alikuwa mkaidi." Mama akaitikia kwa kichwa, maana kwake kompyuta haisemi uongo. Mimi nilikuwa napakua chakula. Nusura nimmwagie mchuzi.

Unakumbuka nilivyokueleza ile kazi? Kipima maji kule chini kilituma namba za kina cha maji mfululizo kutwa nzima, na hakuna macho ya kuzisoma zote. Nikaandika swali la SQL, ile lugha ya kuhoji kompyuta: chukua kila namba, ilinganishe na iliyoitangulia, zikitofautiana ndipo uionyeshe. Ulicheka ukasema nimemwajiri mmbea. Lakini kila asubuhi, kabla ya kushuka kwenye pampu zako, ulipiga redio. "Nyamizi, maji yamelala?" Kama skrini ni tupu, nilikujibu yamelala.

Nilikueleza na habari ya pengo. Kipima kikikatika, mahali pa namba panakuja patupu. Ukiiuliza SQL kama patupu ni tofauti na namba, haisemi ndiyo wala hapana, inapapita tu. Kwa hiyo niliongeza mstari mmoja: pengo nalo lionyeshwe. Meneja aliuchukia mstari ule. Kila umeme ulipoyumba pengo lilitokea, king'ora kikalia, watu wakapandishwa juu, na kazi ikasimama. Nilipokwenda likizo akamwagiza mtu aufute. Mstari mmoja, Masanja! Kero yake ilikuwa nzito kuliko roho za watu?

Asubuhi ile, nikiwa bado likizoni, waya wa kipima ulikatika. Maji yakapanda, na skrini ikabaki tupu. Wewe ukauliza redioni kama kawaida yako, na meneja mwenyewe akakujibu kwamba yamelala, ukashuka. Wenzako wa zamu wote walisikia. Halafu mtu huyo anakula ugali wa msiba wako na kukuita mkaidi.

Nimeurudisha mstari. Ameniambia akiukuta tena sina kazi, nami nimemwambia aukute.

Jana nilimweleza Mama yote kwa Kisukuma, polepole, hadi akaelewa. Alifuta mikono kwenye khanga ingawa ilikuwa mikavu. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo aliuliza kwanza?"

Nikamwambia uliuliza. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Mkaguzi wa migodi anakuja Jumatatu kutusikiliza. Wenzako wamekubali kusema, na Mama atakaa mbele kabisa. Kwaheri, kaka yangu. Nakuahidi nitasimama nimtazame meneja machoni, niseme kwamba uliuliza, na aliyekujibu ni yeye.

Mdogo wako,
Nyamizi